Jean-Marie Seroney na Amana ya Ujumbe



Katika kurasa hizi tumezoea kuandika tarehe za wanavyuoni na watu wema waliopita katika mwambao wetu, ili vijana wapate kiigizo na wazee wapate kukumbuka. Leo tumeonelea tutoke kidogo nje ya mazoea hayo, tuandike khabari za mtu ambaye hakuwa Muislamu, wala hakuwa mtu wa pwani, wala kiti chake hakikuwa cha huku kwetu. Naye ni Jean-Marie Seroney, wakili wa Kinandi, aliyeingia katika Baraza la Kutunga Sharia la Kenya mwaka 1961, akawa Naibu wa Spika wa Bunge mwaka 1975, akatiwa kizuizini mwaka ule ule, na akafariki mwaka 1982.

Huenda akatokea mwenye kutuuliza: Waislamu wana haja gani na maisha ya mtu wa dini nyingine? Jawabu yake ni nyepesi. Mtume wetu (S.A.W.), kabla ya kupewa utume, alihudhuria katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an mapatano ya Makureshi ya kumsaidia kila mwenye kudhulumiwa, na baada ya kuja Uislamu aliendelea kuyasifu mapatano yale, na hali waliofungamana walikuwa bado ni washirikina. Na Masahaba walipoteswa Makka walikimbilia Uhabeshi kwa mfalme Mkristo, kwa kuwa ilijulikana kwamba kwake hadhulumiwi mtu. Basi uadilifu ni mali yetu iliyopotea. Popote tuionapo tuichukue. Na jambo tunalotaka kulitazama katika maisha ya mtu huyu ni moja: ujumbe ni amana, na amana haijulikani mpaka siku itakapomgharimu aliyeibeba.

Kwanza tumjulishe msomaji nchi aliyotoka. Mwenye kupanda bara kutoka Mombasa, akapita Nairobi na Nakuru, hufika katika uwanda wa juu wenye baridi, ambao mji wake mkubwa ni Eldoret. Mji huo ulianza mwaka 1910 kwa posta iliyowekwa katika shamba lililokuwa na nambari 64 katika ramani ya walowezi, na kwa ajili hiyo wenyeji wakauita Sisibo. Makaburu kutoka Afrika ya Kusini walikuwa wamekwisha kufika uwandani mwaka 1908 na magari yao ya ng'ombe. Jina la Eldoret likaja mwaka 1912, reli ikafika mwaka 1924, na mwaka 2024 mji ukapewa hadhi ya jiji. Kusini ya mji huo ndiyo nchi ya Wanandi, yenye vilima na mashamba makubwa ya chai.

Ardhi hiyo haikupatikana kwa salama. Wanandi walipigana na Waingereza kwa muda wa miaka kumi na zaidi, mpaka ulipofika mwezi wa Oktoba 1905, kiongozi wao Koitalel arap Samoei akaitwa katika mazungumzo ya suluhu, na huko huko kwenye suluhu akapigwa risasi na afisa wa Kiingereza aitwaye Richard Meinertzhagen. Baada yake Wanandi wakafukuzwa katika sehemu kubwa ya malisho yao, wakasukumwa katika eneo walilokatiwa, na mashamba wakapewa wageni. Mwaka 1923 akakamatwa Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, akawekwa mbali na watu wake mpaka mwaka 1964. Ni miaka arubaini na moja. Mtu mzima huzaliwa, akasoma, akaoa na kupata wajukuu katika muda kama huo.

Katika nchi hiyo, na katika miaka hiyo ya 1920, ndiko alikozaliwa Seroney. Baba yake, Reuben Seroney, alikuwa miongoni mwa Wanandi wa mwanzo waliosoma na kuingia katika Ukristo. Mtoto akasoma kwao Kapsabet, akaingia skuli ya Alliance, kisha akaenda Makerere, Uganda. Hakutosheka na hayo. Akasafiri mpaka India, na kisha Uingereza, akasomea sharia. Aliporudi alikuwa ni katika mawakili wa mwanzo wa watu wote wa jamii ya Kalenjin. Na hapa tungependa vijana wetu wazingatie. Kaumu iliyonyang'anywa ardhi kwa karatasi ilihitaji mtu mwenye kujua kuzisoma karatasi. Sisi wa mwambao tuliletewa Sharia ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, iliyomtaka kila mwenye shamba aje athibitishe milki yake mbele ya ofisi, na ardhi isiyokuwa na mwenye kuidai kwa njia hiyo ikahesabiwa kuwa ni ya Taji la Uingereza. Wangapi katika wazee wetu, na wangapi katika ndugu zetu Wamijikenda, waliamka siku moja wakajikuta ni maskwota juu ya makaburi ya babu zao? Ujinga wa sharia ulitugharimu zaidi kuliko bunduki.

Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao kwa kura kwa mara ya kwanza mwezi wa Machi 1957. Walikuwa wanane tu kwa nchi nzima. Daniel arap Moi alishika kiti cha Bonde la Ufa, na Ronald Ngala akashika kiti cha Pwani. Mwezi wa Februari 1961 viti viliongezwa, na ndipo Seroney alipoingia Barazani kwa kura za watu wake Wanandi. Kura ya wakati ule haikuwa bado ya kila mtu, bali ilikuwa na sharti zake za kusoma, au umri, au kipato.

Vyama vikubwa vilikuwa viwili. KANU ilipata viti 19 na KADU ikapata 11, lakini KANU ilikataa kuunda serikali mpaka Jomo Kenyatta afunguliwe, na KADU ikashika serikali kwa msaada wa wajumbe wa Kizungu na wengineo, Ngala akiwa ndiye mkubwa wake. Seroney alikuwa mtu wa KADU. Chama hicho kilikusanya watu wa makabila yaliyoogopa kumezwa na makabila makubwa: Wakalenjin, Wamaasai, Waluhya wa Masinde Muliro, na watu wa Pwani. Dawa waliyoitaka ilikuwa ni majimbo, yaani kila upande wa nchi uwe na baraza lake, na mamlaka juu ya ardhi yake, yaliyoandikwa katika katiba hata serikali ya Nairobi isiweze kuyafuta kwa urahisi. Katika mkutano wa Lancaster House mjini London mwaka 1962, Seroney alikuwa ni miongoni mwa wale waliotumia ilimu yao ya sharia kuipigania fikra hiyo.

Wasomaji wetu wazee watakumbuka kwamba mas-ala hayo hayakuwa ya watu wa Bonde la Ufa peke yao. Mwambao wetu wa maili kumi ulikuwa bado kwa hati chini ya Sultani wa Unguja, na kulikuwa na waliotaka uwe nchi yake peke yake, na waliotaka uungane na Kenya kwa masharti. Mwezi wa Oktoba 1963 maagano yakatiwa saini, mwambao ukaingia Kenya, na Mahakama ya Kadhi yakahifadhiwa. Basi katika miaka ile mtu wa Nandi na mtu wa Kilindini walikuwa na khofu moja na tumaini moja, ijapokuwa hawakupata kula sahani moja.

Uchaguzi wa Mei 1963, wa kila mtu mzima kura yake, uliipa KANU ushindi. Seroney alichaguliwa tena na watu wake, lakini chama chake kikakaa upande wa upinzani. Uhuru ukapatikana tarehe 12 Desemba 1963. Haukupita mwaka, wajumbe wa KADU wakaanza kuvuka mmoja mmoja kwenda upande wa serikali, na mwezi wa Novemba 1964 chama kikajivunja chenyewe, na wote wakawa KANU. Majimbo yaliyotiliwa saini London yakafutwa kipande kwa kipande. Na mwaka 1966 katiba ikabadilishwa tena, serikali ikapewa uwezo wa kumtia mtu kizuizini pasina kumpeleka mahakamani. Wengi katika waliokuwa KADU walipata vyeo: Moi alikuwa Makamo wa Rais mwaka 1967, na Ngala alikuwa waziri mpaka alipofariki Desemba 1972. Seroney naye aliingia KANU pamoja na wenzake, lakini hakunyamaza juu ya lile lililompeleka Barazani, nalo ni ardhi.

Sasa tufike katika jambo zito la maisha yake, ambalo si haki kulificha kwa kuwa tunamsifu. Wazungu walipoanza kuondoka, mashamba yao yaliuzwa. Tangu mwaka 1962 kulikuwa na mpango mkubwa wa kununua ekari milioni moja kwa mikopo ya Uingereza na kuwagawia wakulima wadogo. Na mengineyo yakanunuliwa na makampuni na mashirika ya wanunuzi, wengi wao wakitoka nje ya Bonde la Ufa. Mnandi akatazama shamba alilofukuzwa babu yake kwa risasi, akaambiwa: lete fedha, na kama huna atanunua mwenziwe. Na aliyenunua naye mara nyingi alikuwa ni maskini aliyedhulumiwa na walowezi hao hao katika nchi yake, akakusanya senti zake kwa jasho.

Mwezi wa Julai 1969, katika mji wa Nandi Hills, Seroney na wenziwe walitoa tamko lililojulikana kwa jina la mji huo. Tamko lilisema kwamba ardhi yote ya wilaya ya Nandi, pamoja na mashamba ya Tinderet yaliyokuwa yakigawiwa, ni mali ya Wanandi. Moi na serikali wakalikanusha. Seroney akashitakiwa kwa makosa ya uchochezi, akapatikana na hatia na akatozwa faini. Lakini uchaguzi ulipokuja Desemba ya mwaka huo huo, wapiga kura wake hawakumtupa. Walimrudisha Bungeni.

Tuseme nini sisi juu ya tamko hilo? Tunasema kwamba lilikuwa na haki na lilikuwa na khatari, na mambo mawili hayo yasichanganywe. Haki yake ni kwamba dhulma haiwi halali kwa kupitiwa na miaka, na mwenye kunyang'anywa hana lawama akidai chake kwa sauti kubwa. Khatari yake ni kwamba dai lilisemwa kwa jina la kabila, na mtu wa kabila jingine, aliyenunua kwa halali kipande cha ekari chache, akawekwa mahali pa yule mlowezi aliyepora. Dini yetu imetukataza kumsaidia jamaa katika dhulma kwa sababu ya ujamaa, na ikatuamrisha tusimame na haki hata kama itatuumiza sisi wenyewe na wazazi wetu. Deni la mwizi halilipwi kwa mali ya jirani.

Hatumtwiki Seroney yaliyotokea baada ya kufa kwake, kwani yeye alisema hadharani, akaenda mahakamani na akalipa faini kwa jina lake. Lakini maneno ya ardhi ni kama kaa la moto: hukaa ndani ya majivu. Katika miaka ya 1992 na 1997 watu wa Bonde la Ufa walifukuzana na kuchomeana nyumba katika misimu ya uchaguzi. Tarehe 1 Januari 2008, baada ya uchaguzi ulioleta ugomvi, kanisa la Kiambaa, karibu na mji wa Eldoret, lilitiwa moto na ndani yake wamekimbilia watu, wengi wao wanawake na watoto, wakafa makumi. Wala mtu wa pwani asijitoe katika khabari hii akasema hayo ni ya bara. Mwezi wa Agosti 1997, kwetu Likoni, watu walichinjwa na wengine kwa maelfu wakakimbia majumba yao kwa sababu ya walikozaliwa, na vijana waliotumiwa wakaambiwa kwamba wanarejesha haki ya mwambao. Hakuna shamba hata moja la mwambao lililorudi kwa mwenyewe kwa damu ile.

Turudi katika maisha ya mjumbe wetu. Uchaguzi wa Oktoba 1974 ulifanywa chini ya chama kimoja, kwani KPU ilikuwa imepigwa marufuku tangu Oktoba 1969. Juu ya hayo, wananchi walitumia nafasi ndogo waliyoachiwa, wakaangusha wajumbe wengi na wakarudisha wasemao kweli. Tinderet ikamchagua tena Seroney. Na katika jimbo la Eldoret Kaskazini akachaguliwa msichana wa miaka 24, Chelagat Mutai, aliyetoka Chuo Kikuu cha Nairobi, akawa mdogo wa wajumbe wote kwa umri. Wajumbe wa Bunge hilo wakamtaka Seroney awe Naibu wa Spika. Serikali haikupendezewa na chaguo hilo, lakini wajumbe walishikilia, na Februari 1975 akakikalia kiti.

Haikupita hata miezi miwili, nchi ikaingia msiba. Josiah Mwangi Kariuki, mjumbe wa Nyandarua Kaskazini aliyekuwa akiwasemea maskini, alitoweka Nairobi tarehe 2 Machi 1975, na maiti yake ikapatikana katika vilima vya Ngong. Bunge likaunda kamati ya kuchunguza, chini ya Elijah Mwangale. Mwezi wa Juni ripoti ilipoletwa, serikali ilitaka isikubaliwe, na Bunge likaikubali kwa kura 62 dhidi ya 59. Masinde Muliro, aliyekuwa waziri, na manaibu waziri John Keen na Peter Kibisu walipiga kura pamoja na waliokubali, na wakafukuzwa katika vyeo vyao. Hapo ikadhihirika kwamba kura ya mjumbe katika Bunge nayo ina bei.

Tarehe 9 Oktoba 1975 Seroney alikuwa amekalia kiti cha Spika. Martin Shikuku, mjumbe wa Butere, akasimama kusema, na katika maneno yake akadai kwamba kuna wanaotaka kuliua Bunge kama vile KANU ilivyokwisha kuuliwa. Wa upande wa serikali wakaghadhibika, wakataka Shikuku alazimishwe kuthibitisha madai yake. Kwa kanuni za Bunge, mwenye kudai jambo akapingwa hutakiwa alete ushahidi au ayafute maneno yake. Na mwenye kuamua ni aliye kitini. Seroney akaamua kwamba jambo lililo wazi halina haja ya kuthibitishwa. Mawaziri wakainuka wakatoka nje.

Na tuzingatie hali aliyokuwa nayo wakati ule. Mwenye kukalia kiti cha Spika ni mfano wa kadhi: hakuombwa aseme mapenzi yake, aliombwa aamue. Angeweza kusema kwamba Shikuku ayafute maneno yake, na hakuna ambaye angemlaumu; angeondoka jioni kwenda nyumbani kwake, akalala, na cheo chake kikabaki. Naye alijua, kwani alikuwa wakili, kwamba sharia inampa mjumbe kinga, asishitakiwe mahakamani kwa aliyoyasema Bungeni. Lakini alijua vile vile kwamba kinga hiyo haizuii kizuizi. Anayetiwa kizuizini hashitakiwi, na kwa hivyo hana mahakama ya kumlinda, wala hana siku ya kutoka inayojulikana. Alikuwa mbele ya mlango ulio wazi na akaujua unakoelekea.

Siku sita baadaye, tarehe 15 Oktoba 1975, polisi waliingia katika uwanja wa Bunge wakawakamata Seroney na Shikuku, wakawatia kizuizini. Mwaka 1976 Chelagat Mutai akafungwa miaka miwili na nusu, kwa mashitaka ya kuwachochea watu katika mzozo wa shamba la mkonge huko Ziwa, katika jimbo lake la Eldoret Kaskazini. Na mwaka 1977 akafuata George Anyona kizuizini. Bungeni kukawa kimya. Shirika la Amnesty International likamhesabu Seroney katika wafungwa wa dhamiri, yaani watu waliofungwa kwa ajili ya itikadi na maneno yao na hali hawakutumia nguvu. Alikaa kizuizini miaka mitatu na zaidi, na katika muda wote huo hakuletwa mbele ya hakimu akaulizwa umefanya nini.

Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Moi akawa Rais, na tarehe 12 Desemba mwaka huo akawafungua watu wote waliokuwa kizuizini kwa siasa, akiwemo Seroney. Watu wakafurahi, wakadhani mlango ule umefungwa. Mwezi wa Novemba 1979 ukafanywa uchaguzi, na Seroney akarudi kwa watu wake wa Tinderet kuwaomba kura. Safari hii wakampa Henry Kosgey, kijana zaidi yake. Chelagat Mutai alishinda Eldoret Kaskazini, lakini mwaka 1981 alifunguliwa mashitaka juu ya madai ya fedha za safari, akakimbilia Tanzania. Yeye aliishi mpaka mwaka 2013. Seroney hakurudi tena Bungeni. Alifariki mwaka 1982, mwaka ule ule ambao Kenya iliandikwa katika katiba kuwa ni nchi ya chama kimoja, na kizuizi kikaanza tena kujaza watu.

Hayo ndiyo maisha yake kwa ufupi. Tunayoyatoa humo kwa faida yetu ni matatu.

La kwanza ni juu ya wajumbe. Mtu huyu aligombea kura mara tano tunazozijua: 1961, 1963, 1969, 1974 na 1979. Alishinda nne, akashindwa moja. Si katika ushindi wake tunamkumbuka, wala si katika sheria fulani iliyopita kwa jina lake, kwani katiba aliyoipigania London ilivunjwa akiwa anatazama. Tunamkumbuka kwa uamuzi wa dakika moja, alipoamua kwa alilolijua kuwa ni kweli na bei yake akaijua. Wajumbe wangapi tumewapeleka sisi kutoka mwambao, wakakaa miaka mitano, kumi, ishirini, na hakuna hata siku moja waliyosema neno lililowatia khasarani? Hatusemi kwamba wote ni wabaya. Tunasema kwamba mjumbe asiyewahi kupoteza kitu kwa ajili ya waliomtuma, bado hatujui kama alikuwa mjumbe wao au mjumbe wa tumbo lake.

La pili ni juu yetu wapiga kura. Mtu husema: kura yangu ni moja, itafanya nini? Kura ni ushahidi. Mwenye kumpigia mtu kura anashuhudia mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele ya watu kwamba huyu anafaa kubeba amana. Basi anayeipiga kwa shilingi mia mbili, au kwa kanga na paketi ya unga, au kwa kuwa mgombea ni wa ukoo wake, ameuza ushahidi wake, na shahidi wa uwongo tunajua daraja yake katika dini. Watu wa Nandi mwaka 1969 walimrudisha mtu wao aliyetoka mahakamani. Tunaweza kuwalaumu kwa ukabila, lakini hatuwezi kusema kwamba walimnunua au yeye aliwanunua. Na mwaka 1979 walimwacha baada ya kizuizi cha miaka mitatu, kwani umma husahau upesi. Kwa hiyo anayetenda haki asitegemee shukurani za watu. Atafute radhi za Mola wake, na kura ikija ni ziada.

La tatu ni juu ya ardhi na jirani. Fikra ya majimbo aliyoipigania Seroney pamoja na Ngala haikufa kabisa. Katiba ya mwaka 2010 imeweka kaunti 47, na Mahakama ya Kadhi yakabaki, na ikaundwa Tume ya Taifa ya Ardhi yenye kazi ya kuchunguza dhulma za zamani. Maana yake ni kwamba mlango wa kudai kwa njia ya sharia, ambao yeye alilipa faini na uhuru wake kwa kuukosa, sasa uko wazi zaidi kuliko ulivyokuwa. Basi tuuingie kwa ilimu: vijana wetu wasome sharia, wazee wetu waandike na kuzihifadhi hati za mashamba na za wakfu, na misikiti yetu iwe na watu wanaojua kuzisoma. Na tuingie kwa uadilifu, tukijua kwamba Mkikuyu wa Likoni na Mluo wa Kisauni si waliotunyang'anya mwaka 1908. Haki inayodaiwa kwa panga hugeuka dhulma kabla ya kumfikia mwenyewe.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuamshe katika usingizi wa kuuza ushahidi wetu, awape wajumbe wetu ulimi wa kweli na moyo wa kuvumilia bei yake, na atujaalie tuwe waadilifu kwa tunaowapenda na tusiowapenda. Amin.

Wabillahi taufiki.